Mwongozaji wa Msitu wa Chemchemi

Mwongozaji hakupenda kuulizwa mlima una urefu gani. Mgeni akimwuliza, alimtazama miguu kwanza, halafu akajibu, "Unatosha kukuchosha," akaendelea kupanda. Wengine walicheka. Wengine walidhani hajui, naye aliwaacha wadhani hivyo, kwa sababu hakuna kitu alichokifurahia kama mtu kumdharau alfajiri na kumshika mkono kabla jua halijakaa sawa.

Nilimfahamu miaka mingi. Nina nyumba ya kulala wageni hapa Masasi, vyumba vichache na banda la kulia chakula uani, na wageni wangu ndio waliokuwa wageni wake. Aliyelala kwangu akisema anataka kuona milima na msitu, nilimwita yeye. Ana jina la ubatizo, lakini mjini watu wamezoea kumwita Mwongozaji. Vijana wa stendi walilikatakata neno la Kiingereza la kazi yake mpaka likawa "Gaidi", wakawa wanampigia kelele nalo kutoka ng'ambo ya barabara. Hilo lilimuudhi. Siku moja alimfuata mmoja wao pale alipokuwa akiosha pikipiki, akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, polisi wakilisikia jina hilo watakuja kunichukua. Nikiulizwa wenzangu ni akina nani, nitakutaja wewe." Yule kijana hakurudia tena.

Kazi yake aliiita ziara ya nusu siku. Alfajiri mlikwea mwamba wa Mtandi, mkaliona jua likifika kwenye mikorosho ya bondeni na mabati ya mjini. Mkishuka mnaingia kwenye gari, mnapanda uwanda wa Makonde hadi Newala, mnasimama ukingoni pale wenyeji wanapopaita Shimo la Mungu, ambapo nchi inakatika ghafla na chini kabisa unaona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Kutoka hapo mnakwenda kwa miguu hadi kwenye kijiji kimoja cha ukingoni, mnapita uani kwa watu, mnateremka kwenye msitu mpaka chemchemi. Halafu mnarudi. Nusu siku ya Mwongozaji ilikuwa ikiisha alasiri, na wageni walinirudia na njaa ya kutisha. Nilimwambia awe mkweli, aseme ni siku nzima. Akanijibu, "Nikisema siku nzima hawatakuja, Mama Neema. Acha waje, wakasirike wakiwa wameshaona."

Alikuja kwangu kabla hakujapambazuka vizuri, shati jeupe la mikono mirefu limepigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, na miguuni makatambuga ya tairi. Hakuwahi kuvaa viatu vya kupandia milima, ingawa wageni walimwachia pea nyingi, aliwagawia watu. Kabla ya safari hakula. Alikunywa chai ya rangi akiwa amesimama mlangoni mwa jiko langu, akipuliza kikombe na kuwasikiliza wageni wakiongea vyumbani, na kabla hata hajawaona aliniambia yupi atalia kwenye mwamba na yupi atataka kurudi.

Kuhusu uongo wake, niseme wazi. Alikuwa mwongo mzuri. Lile jiwe kubwa lililoegemea mwenzake njiani pale Mtandi lilikuwa na hadithi kwa kila aina ya mgeni. Wazungu aliwaambia ni jitu lililogeuzwa jiwe kwa uroho. Walimu kutoka Dodoma aliwaambia ni msichana aliyekataliwa na wajomba kuolewa na mvulana wa kijiji cha pili. Kikundi kimoja cha kanisa aliwaambia ni mahali ambapo waumini wa kwanza walijificha wasichukuliwe utumwani. Nilimwuliza kwa nini anafanya hivyo. "Jiwe halijawahi kulalamika," akasema.

Lakini kulikuwa na mambo ambayo hakuthubutu kuyachezea. Kule juu uwandani maji ni shida ya tangu zamani. Mabomba yapo, na wiki nyingine ni chuma kitupu. Wanawake hushuka makorongoni na ndoo. Mgeni akiinua kamera kumpiga picha mwanamke aliyejitwisha ndoo anapanda mteremko, Mwongozaji alikwenda kusimama mbele ya ile kamera, shati lake jeupe likaijaza yote. Hakutukana, hakueleza. Alisimama tu mpaka yule mama apite. Mzungu mmoja alikasirika, akasema amekuja kutoka mbali. Mwongozaji akamjibu, "Na yeye ametoka mbali. Ametoka chini kule."

Uvumilivu wake kwa wageni ulinishangaza. Mwanamke mmoja kutoka Dar es Salaam aliishiwa nguvu katikati ya mwamba, akashikilia jiwe, akakataa kupanda na akakataa kushuka. Mwongozaji aliketi chini yake, akampa mgongo asione aibu, akaanza kumuuliza habari za watoto wake, mmoja baada ya mwingine, wanasoma wapi, wanapenda kula nini. Jua likapanda. Wenzao wakachoka kusubiri. Alipofika kwenye mtoto wa mwisho yule mama alikuwa ameshaanza kushuka bila kujijua, akiwa bado anasimulia.

Uvumilivu huo wote aliumalizia kwa wageni. Kwa watu wake hakubakiwa nao hata kidogo.

Hakuwa na mtoto wa kuzaa. Alikuwa na Barnaba, mtoto wa dada yake wa pekee. Kwetu huku, hasa kule uwandani, mtoto wa dada si jamaa wa pembeni. Mjomba ndiye anayemsimamia jandoni, ndiye anayekwenda kumposea, ndiye anayeitwa akiharibu mambo. Barnaba alikuwa dereva wa zile ziara, akiendesha Noah ya mtu mmoja wa mjini. Mwanamume mrefu, mcheshi, mwenye mke na watoto wadogo. Wageni walimpenda upesi. Aliwabebea mabegi bila kuombwa, na kwenye kona za kupanda uwanda aliimba ili wasitazame chini.

Mjomba wake alimkaripia mbele yao. Amechelewa kidogo, amekaripiwa. Kioo kina vumbi, amekaripiwa. Nilimwona Barnaba, mtu mzima mwenye ndevu, amesimama uani kwangu huku anaambiwa mbele ya wageni kwamba shati lake linanuka petroli. Alijibu, "Samahani, Mjomba," akacheka, akaenda kufungua mlango wa gari. Jikoni aliniambia, "Mama Neema, yule angekuwa na mdomo huo kwa wageni, tungeshakufa njaa wote."

Nyumba ya Mama Barnaba ndiyo ile ambayo ziara ilipita uani kwake. Njia ya chemchemi inaanzia nyuma ya jiko lake. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kusikika mbali, na wageni walipofika aliwapa muhogo wa kuchoma na pilipili ya kusagwa, akakaa kuwatazama wakitokwa na machozi. Alicheka mpaka kanga ikamvuka mabegani. Kaka yake alisimama kando, amenyoosha mgongo, akijifanya haoni upuuzi huo, lakini nilisikia kwa wageni wengi kwamba hapo ndipo mahali pekee alipokaa chini na kula.

Halafu ukaja ule mwaka ambao ugonjwa uliizunguka dunia na wageni wakakoma. Vyumba vyangu vilikaa vitupu hata nikaanza kuanika mbaazi kwenye vitanda. Mwenye Noah akaichukua gari yake, akaipeleka kwenye biashara nyingine. Mwongozaji alirudi kwenye mikorosho yake michache akavumilia. Barnaba alirudi kwa mama yake na mke na watoto, hakuwa na shamba la maana, akaingia msituni.

Alianza na kuni kavu. Hakuna aliyesema neno. Kisha mkaa. Kisha akapata mwenzake mwenye msumeno, wakaanza kuangusha mivule, wakawa wanapasua mbao humo humo ndani na kuzitoa. Msitu wenyewe si mkubwa. Ni kipande kilichobaki kwenye mteremko, kimeizunguka chemchemi kama nywele zilizobaki kichwani kwa mzee. Pande nyingine zote za mteremko zilishafyekwa, na kule makorongo yalishakauka. Kila mtu pale kijijini anajua hilo, na anajua kwa nini.

Walikutana kwangu siku moja, mjomba na mpwa, kila mmoja amekuja kwa shida zake. Niliwawekea chai. Hakuna aliyeigusa.

"Nimekwambia uache," Mwongozaji akasema.

"Nimesikia, Mjomba."

"Umesikia, na jana umeangusha mwingine."

"Mjomba, wageni watarudi lini? Niambie siku, nitaacha siku hiyo hiyo."

"Wanawake wa kijiji chako wanaishi kwa miti ile. Mama yako anakunywa maji pale."

"Mama yangu anakula pia," Barnaba akasema. Hakuwa akicheka safari hii. "Watoto wangu wanakula. Wewe unaitaka ile miti ili uwe na kitu cha kuonyesha watu. Hawaji tena, Mjomba. Unamtunzia nani?"

Mwongozaji alisimama akaondoka bila kuniaga mimi mwenye nyumba. Barnaba alibaki akitazama chai. Nilimwambia mjomba wake ana haki katika jambo la maji. Akasema, "Najua ana haki. Ndiyo maana sina cha kumjibu."

Yaliyofuata aliniambia Mwongozaji mwenyewe, na sijawahi kuelewa kwa nini alinieleza yote, hata yale ambayo angeweza kuyaficha. Alikwenda ofisi ya misitu kushtaki. Wakamwambia wamesikia, ila watu wao wawili wa zamu ni wageni, hawaijui njia ya kule chini, wataangalia. Akawaambia atawapeleka. Asubuhi ya siku waliyopatana alivaa shati lake jeupe. Aliwapitisha njia ya pembeni ili wasipite uani kwa dada yake. Mvua ilikuwa imenyesha. Walipoirudia njia ya kawaida kule chini, kwenye mizizi inayoikatiza, aligeuka nyuma akawaambia, "Angalieni hapo, panateleza." Aliwaambia kwa sauti yake ile ya kazini, kwa sababu ndivyo alivyozoea kusema akifika pale.

Barnaba alikuwa mle ndani. Mwenzake aliposikia watu alikimbia. Barnaba hakukimbia. Aliisikia sauti ya mjomba wake ikitahadharisha watu, akadhani wageni wamerudi. Alitoka kwenye miti akifuta mikono kwenye suruali, anatabasamu, akamwendea mtu wa kwanza aliyemwona amshikie begi.

Aliponisimulia hapo, Mwongozaji alitazama kikombe chake. Nilimwuliza, "Ukasema nini?"

"Sikusema kitu. Walisema wao."

"Baba, kushtaki naelewa. Lakini kuwapeleka mwenyewe?"

"Wangepotea njia."

"Wangepotea, wangerudi ofisini. Si ndiyo?"

Akaomba nimwongezee chai.

Mahakamani kijiji kizima kilijaa, hata watu kutoka Makote. Barnaba hakukana. Alipoulizwa kama ana la kujitetea alisema ana watoto, na akasema tena, "Mheshimiwa, mkitaka kuijua ile miti vizuri, nendeni mkatazame paa la nyumba ya mjomba wangu." Watu wakaguna. Ilikuwa kweli. Boriti za nyumba ya Mwongozaji ni za mvule wa msitu ule ule, alizikata akiwa kijana, enzi hizo msitu ukifika hadi juu barabarani. Kila mtu aliwahi kulala au kukaa chini ya boriti zile. Aliulizwa, akakubali mbele ya hakimu, bila kutetemeka: "Ni kweli nilikata. Ndiyo maana najua kinachofuata." Maneno hayo hayakumsaidia yeye wala Barnaba. Barnaba alifungwa.

Zile mbao zilizokamatwa zilirundikwa nyuma ya ofisi. Nilipita huko baadaye nikaziona. Mvua ilikuwa imezinyeshea, mchwa wameziingia. Hazikuwa dawati la mtoto, hazikuwa mlango, hazikuwa kitu. Sijui kama Mwongozaji aliwahi kuziona. Sikumwambia.

Mke wa Barnaba aliwachukua watoto akarudi kwao Lulindi. Mama Barnaba akabaki na nyumba.

Wageni walirudi, kama kila kitu kinavyorudi kwa wasiohusika. Gari jingine lilipatikana na dereva mwingine, kimya, asiyeimba. Mwongozaji akaja tena mlangoni mwa jiko langu na shati lake. Na kwa kuwa njia ya chemchemi inapita uani kwa dada yake na hakuna njia nyingine ambayo wageni wenye miguu laini wangeiweza, aliendelea kuwapitisha pale. Hilo ndilo lililonifanya nimkasirikie zaidi ya yote. Wageni wangu walirudi wakinisimulia habari za bibi mmoja aliyeketi uani amewapa mgongo, hakugeuka hata walipomsalimu, na mwongozaji wao aliwaeleza kwamba maskini masikio yake yamekufa.

Sikuamini mpaka nilipoona mwenyewe. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kwenda kwenye ile ziara. Akina mama wa kanisa letu waliamua kwenda kutembea, tukakodi gari, tukamchukua Mwongozaji, na tukafanya kila kitu kama wageni wanavyofanya. Tulikwea Mtandi tukihema. Lile jiwe kwetu lilikuwa mama mjane aliyekesha akiomba. Nilimtazama, akanikonyeza. Nilicheka, na kwa muda ule mfupi nilimpenda kama zamani.

Tulipoingia uani kwa Mama Barnaba alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mbaazi kwenye ungo, uso umeelekea ukuta. Alikuwa amekonda. Mwongozaji alipunguza mwendo, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili kile kile cha kazini, "Huyu bibi hasikii. Tupite taratibu."

Mmoja wetu, Mama Joyce, mwalimu aliyehamia kutoka Mwanza na asiyejua lolote, hakupita. Alimzunguka yule mama, akachutama mbele yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, nwanangu. Karibuni sana. Mmeshindaje?"

Mama Joyce akainua macho kwa Mwongozaji. "Si umesema hasikii?"

Mama Barnaba aliendelea kuchambua mbaazi zake. "Nasikia," akasema. "Nasikia vizuri. Ni ntu mmoja tu simsikii."

Kuku walikuwa wakiparua karibu na jiko. Mwongozaji alisimama pale, mikono ameiweka nyuma, uso wake haukubadilika hata kidogo. Halafu akasema, "Njia ni hii, akina mama," akatangulia.

Msitu upo. Lazima niliseme hilo, maana niliuona. Unaingia kutoka kwenye jua kali na mara moja ngozi inapoa. Kima walikuwa juu wanatingisha matawi, hondohondo wakipiga kelele zao za bati, na chini kabisa, kati ya mawe yenye ukoga wa kijani, maji yanatoka ardhini yakiwa safi. Wasichana wawili walikuwa wanajaza ndoo. Wenzangu walipiga magoti wakanywa kwa viganja na kumshukuru Mungu kwa sauti. Nami nilikunywa. Yalikuwa maji matamu, baridi mpaka kwenye meno, na nilikasirika kwamba ni matamu.

Tuliporudi juu niliwaacha wenzangu watangulie, nikaenda kukaa kwa Mama Barnaba. Pembeni ya mlango kulikuwa na ndoo ya maji yenye rangi ya matope. Nikamwuliza kwa nini maji yake yako hivyo, na chemchemi iko nyuma ya jiko lake. Akasema anachota kwenye kisima cha upande wa pili wa kijiji, mbali, nyuma ya shule.

"Na umri huu, dada yangu?"

"Yale ya chini mwanangu ameyafungiwa jela. Wengine wanywe. Wanywe tu, sina kinyongo nao. Mimi yakifika mdomoni hayatapita."

Barnaba alipotoka gerezani hakurudi kijijini zaidi ya siku za kumsalimu mama yake. Mke alikuwa ameshaolewa na mtu mwingine. Akapata kazi ya lori, kubeba korosho msimu ukifika na saruji msimu ukiisha. Mwongozaji alipata habari kwamba ametoka, akapiga pasi shati, akaenda kusimama barabarani karibu na kwa dada yake tangu asubuhi. Jioni alirudi Masasi. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwita aingie.

Mama Barnaba alifariki kwenye masika. Kifua kilimbana. Wengine walisema ni ile njia ya kisima kwenye mvua, wengine walisema ni umri, mimi sisemi. Tulikwenda kuzika, watu wengi kutoka Masasi, maana muhogo wake ulikuwa umefika mbali.

Kaka wa marehemu ndiye anayepaswa kusimama na kusema kwa niaba ya ukoo. Ndiye anayewashukuru watu, ndiye anayeuliza kama kuna anayedai au anayedaiwa, ndiye wa kwanza kutia udongo. Mwongozaji alikuwepo. Alikuwa amevaa lile shati. Lakini wazee walikuwa wamemwita binamu kutoka Kitangari, mtu aliyemjua marehemu kwa shida, naye ndiye aliyesimama akasema maneno. Mwongozaji hakubisha. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akajikuta kwetu, karibu na mwembe ambako tulikuwa tumeweka mikoba yetu, nikasogea nikampa nafasi.

Kaburini waliita wa ukoo, wakapita. Barnaba alipita, akatia udongo, mkono wake ukabaki umefumba muda mrefu kana kwamba hakutaka kuuachia. Waliita majirani. Waliita watu wa kanisa. Mwongozaji alikuwa ametulia tu pale. Mwishoni yule binamu akatangaza, "Wageni wetu kutoka Masasi," tukaanza kusogea. Nilisikia makatambuga yake nyuma yangu. Alikuja na sisi. Alimtilia dada yake udongo akiwa mgeni, akafuta kiganja kwenye suruali, akarudi kusimama nilipokuwa.

Tangu siku hiyo hakuja sana kwangu. Wageni wengi siku hizi wanampata kwa simu, moja kwa moja. Wanamsifu sana, wanaandika huko mitandaoni kwamba hajapata kutokea mtu mkarimu kama yeye, mwenye subira kama yeye. Mwanangu Neema hunisomea. Ni kweli yote wanayoyaandika.

Mara ya mwisho nilionana naye majuzi, baada ya mvua kukatika. Nilikuwa nimepanda Newala kumtazama rafiki yangu aliyelazwa, na kabla ya kupata gari la kurudi nikatembea hadi Shimo la Mungu kupunga upepo. Alikuwa pale na kikundi cha wanafunzi wa chuo, wanapiga picha. Shati lilikuwa limekunjamana. Nilimwamkia, "Shikamoo, Baba," akaitika kwa kuinua mkono, akaniacha nisimame karibu naye. Tulitazama bonde. Moshi wa mashamba ulikuwa unapanda huku na huku upande wa Msumbiji.

Aliniuliza habari za vyumba, za Neema, za bei ya mbaazi. Halafu, bila kunitazama, akasema, "Nasikia Barnaba huwa anapita kwako."

"Alipita wiki iliyopita. Alipeleka mzigo Tunduru, akala kwangu akiwa njiani."

"Mzima?"

"Mzima. Amenenepa kidogo."

Akaitikia kwa kichwa. Upepo ulikuwa unampeperushia kola. Nilijua linakuja, nikatamani wale wanafunzi wamwite.

"Aliniulizia?"

Ningeweza kumdanganya. Yeye mwenyewe angenidanganya vizuri sana, kwa hadithi iliyonifaa. Lakini alikuwa ameniuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Hakukuulizia, Baba. Nilikutaja mimi. Nilimwambia mjomba wako yupo, bado anapanda na wageni."

"Akasemaje?"

"Akaniomba chumvi."

Uso wake ukalegea, karibu kutabasamu. "Anakula chumvi nyingi sana yule," akasema. "Tangu mdogo. Mama yake alikuwa akimficha kopo, na mimi nilikuwa nampelekea kidogo kwenye karatasi."

Wale wanafunzi walikuwa wamesogea mno ukingoni, mmoja amegeuza mgongo kwenye shimo ajipige picha. Mwongozaji aliniacha, akawaendea kwa mwendo wa taratibu asiwashtue, huku amenyoosha mkono wake, anawaita kwa sauti ya upole, mmoja mmoja, warudi.